Mwalimu anayeondoka saa tisa na nusu

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Darasa la Tatu B limekwisha kuchoka. Wanafunzi sitini na mmoja wamebanana kwenye madawati, wengine watatu watatu, na jua la dirishani linawachoma usoni wale wa upande wa kushoto. Mwalimu wao amesimama ubaoni na kipande cha chaki kilichobaki kama punje ya hindi. Anaandika sentensi ya mwisho, anaisoma, wanaifuata kwa sauti moja. Kisha anaitazama saa ya ukutani.

"Mwalimu, na leo unaondoka?" anauliza msichana wa dawati la mbele.

"Kila mtu ataondoka, mama. Hakuna anayelala shuleni."

Watoto wanacheka. Yeye hacheki. Asubuhi kiranja alikuja kumnong'oneza mlangoni kwamba anatakiwa ofisini kwa mkuu wa shule, mbele ya kamati, kengele ya kutoka ikilia tu. Kikao hicho ndicho kitakachosema kama atabaki katika shule hii ambayo amefundisha kwa miaka kumi na mmoja, au atahamishiwa nyingine iliyo mbali, ambayo kuifikia tu ni mwendo wa saa mbili.

Kosa lake ni moja. Muda wa kazi ukiisha, anakwenda nyumbani.

Ukilisikia hivyo utadhani ni mzaha, lakini katika shule hii mzaha huo umeshawafanya watu wasisalimiane. Walimu wenzake wamembandika jina, Mwalimu Tisa na Nusu, na jina limeshika kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Wengine wanalitamka kwa utani. Wengine wanalitamka kama tusi, na yeye anajua ni akina nani.

Mkataba wa walimu hapa unasema kazi inaanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye kifungu cha mwisho, kinachosema mwalimu atafanya pia majukumu mengine kadiri atakavyopangiwa. Walimu wanakiita kifungu hicho gunia, kwa sababu hakijawahi kujaa.

"Kwaya imo, mpira umo, bustani imo, kumrudisha kwao mtoto mwenye homa nako kumo," anasema mwalimu wa hisabati, mtani wake mkubwa, akihesabu kwa vidole. "Mwaka juzi nilipakishwa rangi choo cha wavulana. Nikauliza, jamani, hii nayo ni hisabati? Nikaambiwa, pima eneo la ukuta."

Lakini darasa la jioni halikutoka kwenye gunia. Darasa la jioni lilitoka kwa Mwalimu Tisa na Nusu mwenyewe, na hapo ndipo mambo yanapouma.

Miaka sita iliyopita aligundua kuwa wapo watoto waliofika darasa la nne bila kujua kusoma. Aliomba chumba, akaomba chaki, akaanza na watoto wanane baada ya masomo. Mwaka jana walifika thelathini na wanne. Aliketi nao hadi saa kumi na mbili jioni, mmoja mmoja, kidole juu ya neno, na hakupewa hata nauli.

"Hiari yashinda utumwa," anasema. "Nilikuwa naingia chumba kile kama mtu anayekwenda harusini. Hakuna aliyenituma."

Matokeo ya mitihani yalipopanda, mkuu wa shule alifurahi. Alifurahi mno. Muhula uliofuata darasa la jioni likaonekana kwenye ratiba rasmi, jina lake likiwa pembeni, na darasa la mtihani likiwa limeongezwa juu yake. Hakuulizwa. Alipolalamika alionyeshwa kifungu cha mwisho.

Pengine angevumilia hayo yote kama si binti yake.

Binti ana miaka tisa na anasoma shule iliyo jirani na nyumbani. Baba yake ni dereva wa malori; akija mwezi huu, mwezi ujao humwoni. Kwa hiyo jioni nyumba ni ya watu wawili. Mama anarudi amechoka, anaandaa chakula, kisha anaweka rundo la madaftari mezani na kuanza kusahihisha. Binti anakaa nyuma yake kitandani, kitabu mapajani, anasoma kwa sauti.

Na alikuwa anasoma vizuri! Hakwami, hababaiki, anapandisha sauti penye mshangao na kuishusha penye nukta. Mama mtu anaitikia bila kugeuka, "Haya, vizuri, endelea," huku kalamu nyekundu ikitembea kwenye makosa ya watoto wa watu.

Jumapili moja mchana aliinuka kwenda kunywa maji. Alipokuwa anarudi alipita nyuma ya binti yake na kutupa jicho kitabuni. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Chai ya sukari ilimwagikia hapo zamani. Binti alizifunua zote mbili kwa pamoja kama ukurasa mmoja, akaendelea kusoma bila kuruka hata neno.

"Alikuwa anasoma ukurasa ambao haukuwa mbele yake," mama anasimulia. "Ulikuwa umefungiwa katikati. Nikasimama pale na glasi yangu. Nikamwambia, mama, hebu nionyeshe neno mbuzi liko wapi. Akaangalia, akaweka kidole juu ya picha ya mbuzi."

Mtoto alikuwa amekariri vitabu vyote. Alividaka kwa mama yake mwenyewe, ambaye kwa miaka amekuwa akiyapitia masomo ya kesho kwa sauti akiwa jikoni. Shuleni kwao, katika darasa lenye watoto wengi kama lile la mama yake, aliimba na wenzake na hakuna aliyemshtukia. Nyumbani alikuwa na mwalimu wa kusoma aliyesifiwa shule nzima, na mwalimu huyo alikuwa amempa mgongo.

"Mwaka mzima nilimsikiliza. Sikumtazama hata siku moja," anasema. "Mganga hajigangi, si ndivyo wanavyosema? Basi mimi ndiye mganga mwenyewe." Anacheka, lakini cheko linaishia mdomoni.

Siku hiyo alijifungia bafuni akalia huku amefungulia bomba ili mtoto asisikie. Kesho yake, saa tisa na nusu ilipofika, alichukua mkoba wake akaondoka. Hakumweleza mtu. Angeelezaje? Aliyewafundisha watoto wa wenzake kusoma, huku wa kwake anaonyesha picha ya mbuzi, ataanzia wapi? Aliona aibu, na aibu ikamziba mdomo.

Penye kimya watu hujaza maneno. Likazuka la kwanza kwamba amefungua duka. Likazuka la pili, baya zaidi, kwamba anafundisha watoto wa matajiri majumbani kwa malipo. Darasa la jioni likakosa mwalimu, maana wale wote waliokuwa wakisifu moyo wake wa kujitolea walipoulizwa nani atampokea, kila mmoja alikumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Wiki tano sasa watoto thelathini na wanne wanakaa kwenye kibaraza cha chumba kilichofungwa, wakitumaini. Kila alasiri anapotoka lazima apite mbele yao.

"Wananiaga," anasema. "Kwa heri mwalimu, kwa heri mwalimu. Wangenizomea ingekuwa afadhali."

Kengele inalia. Anafuta ubao, anakung'uta mikono, anatoka. Leo haendi getini, anapinda kushoto kuelekea ofisini.

Ofisi ya mkuu wa shule ni ndogo na imejaa. Vikombe vya ushindi vimepanga mstari juu ya kabati, viti vibovu vimerundikwa pembeni, na feni ya dari inalia kwi kwi kwi kila inapozunguka. Mkuu wa shule ameketi nyuma ya meza. Kamati leo ni yeye na mjumbe wa wazazi aliye kando yake, mama anayefanya usafi hospitalini, ametoka zamu moja kwa moja na sare yake bado inanuka dawa ya sakafu. Mtoto wake wa kiume ni mmoja wa wale thelathini na wanne. Mwandishi wa simulizi hii aliruhusiwa kukaa karibu na mlango kwa sharti la kutotia neno.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Kaa, mwalimu."

Anakaa kwenye ncha ya kiti. Nyumbani, binti yake ameshatoka shule na yuko kwa jirani, akimngoja.

"Kabla hatujaanza, naomba kuuliza," anasema. "Kikao hiki ni cha mkataba au cha hiari? Maana saa tisa na nusu imepita."

"Mwalimu, usianze."

"Sianzi, mkuu. Nauliza."

Mkuu wa shule anavua miwani. Si mtu mkatili, na ni haki isemwe hivyo. Yeye mwenyewe huondoka shuleni saa moja jioni, na vumbi la viatu vyake linaonyesha kwamba huzunguka eneo lote kabla ya kufunga milango.

"Mimi nani ananilipa jioni?" anauliza. "Nina watoto ambao wasiposoma mwaka huu hawatasoma tena. Nikikuruhusu wewe kuondoka, kesho nimruhusu yule, keshokutwa mwingine. Mwisho nitabaki na nani? Na mlinzi? Ama unarudi darasa la jioni Jumatatu, ama napendekeza uhamisho. Nimebembeleza, sasa nimechoka kubembeleza."

Mjumbe wa wazazi alikuwa ameinamisha kichwa. Anapokiinua macho ni mekundu, na haieleweki mara moja kama ni uchovu au hasira.

"Mwalimu, mimi sitaki maneno ya mikataba," anasema. "Mwanangu ulimfikisha katikati ya mto, ukamwachia mkono. Mimi kusoma sijui. Nikimwambia soma, anasoma. Nitajuaje kama anasoma kweli au ananidanganya? Nilikuwa nakutegemea wewe. Wewe tu."

Feni inalia. Mwalimu anaitazama mikono yake yenye chaki.

"Binti yangu hajui kusoma," anasema.

Mkuu anakunja uso. "Binti yako yupi?"

"Nina mmoja tu, mkuu. Ana miaka tisa. Hajui kusoma. Amekariri. Na mimi niko naye nyumba moja, nimekaa naye chumba kimoja, sikujua." Hapo machozi yanamtoka na hayafuti. "Sikufungua duka. Sifundishi watoto wa matajiri. Nikitoka hapa naenda kumfundisha mwanangu a, e, i, o, u."

Mkuu anashika miwani yake kana kwamba ameisahau kazi yake.

"Mbona hukusema, mwalimu?"

"Ningesema nini? Kwamba wa wenzangu nimewaweza, wangu amenishinda?"

"Mlete hapa basi," anasema mkuu, na sauti imelegea. "Mlete darasa la jioni akae na wenzake."

"Nilimwuliza. Alilia mpaka akatapika. Hapa wote wanajua ni mtoto wa mwalimu. Na nikimsubirisha hadi saa kumi na mbili, yeye ana usingizi, mimi nina hasira, tunagombana tu. Nimejaribu. Saa kumi ndiyo saa yetu, kichwa chake bado kina nafasi."

"Na hawa thelathini na wanne?"

"Hawa shuleni wana walimu ishirini na wawili, mkuu. Wangu ana mama mmoja." Sasa amenyooka kitini. "Mimi sikatai kazi. Andikeni kuwa ni kazi. Kazi ikiandikwa ina saa, ina zamu, kila mtu na siku yake, na siku yangu nitaifanya kwa moyo. Lakini mmechukua hiari ya mtu mmoja mkaifanya deni, na akishindwa kulilipa anaitwa msaliti."

Mkuu anataka kujibu, lakini mjumbe wa wazazi amemtangulia. Hasira imemtoka usoni na mahali pake pameingia hofu.

"Na wangu je?" anauliza kwa sauti ndogo. "Kama wako alikudanganya wewe mwalimu, mimi nisiyejua nitamtambuaje?"

Mwalimu anasimama, anavuta kitabu cha hadithi kutoka kwenye rafu ya mkuu bila kuomba ruhusa, anakifungua mezani.

"Njoo, mama. Ziba picha kwa kiganja. Hivi. Usimpe picha. Halafu mwambie aanze mstari wa chini kabisa, apande kwenda juu. Aliyekariri atakwama hapo hapo. Anayesoma atakwenda, hata kama polepole. Na usisikilize tu, mtazame kidole. Kidole kikikimbia kuliko macho, msimamishe. Hayo yote hayahitaji wewe ujue kusoma."

Mfanya usafi anaweka kiganja chake kipana, kilichochujuka kwa maji ya sabuni, juu ya picha. Anakiondoa. Anakirudisha tena.

"Wa chini kwenda juu," anasema.

"Wa chini kwenda juu."

Ni saa kumi na robo. Mwalimu anautia mkoba begani. "Naomba ruhusa, mkuu. Mtoto ananisubiri."

"Kikao hakijaisha," anasema mkuu.

Mwalimu anasimama palepale, mkono kwenye kitasa. Akitoka sasa, atakuwa amewapa sababu ya kumhamisha waliyokuwa wakiitafuta. Akikaa, saa ya mtoto inaliwa.

"Basi endeleeni, mkuu," anasema kwa heshima zote. "Mtakaloamua nitalisikia."

Anatoka. Nje, mwalimu wa hisabati amejibanza karibu na dirisha, na haoni haya kuonekana kuwa alikuwa anasikiliza.

"Nisamehe, dada," anasema. "Mimi duka niliamini kabisa. Nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi nije kukopa sukari."

Anamcheka huku analia, na anaondoka akitembea upesi, nusu akikimbia, kama wanafunzi wake.

Jumamosi asubuhi hakuna jibu bado. Ijumaa nzima mkuu alimsalimia na kupita. Nyumbani kwake, uani, mwalimu ameinama juu ya beseni la nguo, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. Anafua kwa nguvu kuliko nguo zinavyohitaji. Binti yake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nywele nusu zimesukwa, nusu hazijasukwa.

Wiki hizi hazikuwa rahisi. Mtoto aliyekuwa akisifiwa alijikuta anarudishwa kwenye silabi kama mtoto wa chekechea. Alirusha vitabu. Alimwambia mama yake kwamba alipenda zaidi wakati ule mama alipokuwa hamtazami. "Neno lile lilinikata," anasema mama. "Lakini nikakaa. Kesho yake saa kumi nikakaa tena."

Mpango wake, kama hatahamishwa, ni kuwaita wazazi Jumamosi moja kila mwezi na kuwafundisha alichomfundisha yule mama wa hospitali, hasa wale wasiojua kusoma. Mwalimu wa hisabati alipousikia mpango huo alishika kichwa. "Umeanza tena! Wewe ni mgonjwa." Yeye hajali. Anasema hii itakuwa hiari kweli, na akiichoka ataisimamisha mwenyewe. Akihamishwa, ataondoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na saa kumi yao itakufa. Hilo ndilo linalomnyima usingizi, na analisema bila kupepesa.

Simu iliyo dirishani inatetemeka.

"Mama, ujumbe."

"Wa nani?"

Binti anaichukua, anakodoa macho. "M-ku-u. Mkuu."

Mama anachomoa mikono kwenye povu kwa haraka hivi kwamba maji yanaruka hadi ukutani. Anatafuta cha kujifutia. Anapiga hatua moja, kisha anasimama. Mtoto ameshika simu kwa mikono miwili na midomo yake imeanza kucheza.

"Soma wewe," anasema mama.

"Mwa-li-mu. Mwalimu. Ka-ma-ti. I-me-ka-ta-a. Imekataa." Anatulia kuvuta pumzi.

"Imekataa nini?"

"Ngoja, mama! Usiniharakishe."

Mama anasubiri. Sabuni inamdondoka vidoleni. Angeweza kuipokonya simu na kuyamaliza yote kwa jicho moja, na mwili wake wote unataka hivyo. Ameikunja mikono yenye maji kifuani ili isimsaliti.

"Ku-ku-ha. Ku-ku-ha-mi-sha. Kamati imekataa kukuhamisha."

Mama anakaa chini, kwenye sakafu yenye maji, na gauni lake linalowa. Mtoto hamwoni. Kidole chake kiko kwenye kioo cha simu, chini ya neno linalofuata.

"Da-ra-sa la ji-o-ni li-me-si-ma-ma m-pa-ka tu-pa-nge za-mu." Hapa anakwama mara mbili, anarudia kuanzia mwanzo. "Limesimama ni kwamba halipo?"

"Halipo kwa sasa," anasema mama taratibu. Furaha yake imepata doa, na anaacha lionekane. Watoto wa kibarazani watangoja tena, na hajui ni kwa muda gani. "Ujumbe umekwisha?"

"Bado. M-to-to. Mtoto. A-na-en-de-le-a-je. Mtoto anaendeleaje." Binti anainua uso. "Mtoto gani, mama?"

"Wewe."

"Nimjibu nini?"

Mama anajifuta machozi kwa bega, maana mikono yote ina sabuni.

"Mwambie umeusoma mwenyewe."